Wasagaji wa vinu vya upepo Uingereza: na wao walikuwa wanaitwa wezi?

MashineYaKati

Wakuu, habari za jioni.

Nina mashine ya kusaga hapa Makambako, ya umeme, na pembeni ya kukoboa. Haipiti wiki bila mteja kusimama mlangoni kusema debe lake limerudi limepungua. Unamweleza kwamba mahindi yakisagwa yanapata moto, unyevu unatoka, vumbi linapaa, mengine yanaganda ndani ya mashine. Anakuangalia tu, halafu anawageukia wenzake kwenye foleni anacheka.

Juzi mwanangu wa sekondari kaleta kitabu chenye picha ya kijiji cha Uingereza ya zamani. Kanisa, nyumba za nyasi, na juu ya kilima kinu cha upepo. Wengine wangeangalia kanisa, mimi macho yakaganda kwa huyo mwenye kinu. Nina maswali, na naomba anijibu mtu anayejua, si wa kunakili:

Yule bwana halipii dizeli wala hanunui umeme wa Luku. Upepo ni wa Mungu. Alikuwa anatoza nini, na kwa msingi gani? Wateja walimwamini? Na kwa nini vile vinu vilikufa wakati upepo bado upo?

Chogo

Mkuu kabla ya Waingereza tuanze na wewe. Debe la mama mkwe wangu linapungua kwa nini?

BintiIsimani

Kaka MashineYaKati, umegusa penyewe. Marehemu baba alikuwa na mashine ya dizeli Isimani, na maneno hayo ya debe nimekua nikiyasikia. Sasa hivi naishi Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, jirani na mji wa Boston. Siku za kazi niko kiwandani kufungasha mboga. Jumamosi najitolea kwenye kinu kimoja cha upepo cha kijijini: nafagia, napokea wageni, nafunga unga, na upepo ukiwa mzuri naachiwa nisimamie mawe. Nitakujibu kama mtu wa mashine kwa mtu wa mashine.

Tuanze na huo upepo wa bure. Mwaka 1191, mji wa Bury St Edmunds kule Suffolk, dekano (kiongozi wa kanisa) mmoja aitwaye Herbert alijenga kinu cha upepo. Mkubwa wa mji alikuwa abate Samson, mkuu wa abasia (nyumba ya watawa) ya pale, na vinu vya kusaga vilikuwa mali ya abasia. Samson aliposikia, hasira ikampanda hata kula akashindwa. Kesho yake baada ya misa akaagiza maseremala waende wakaking'oe. Herbert akaja mbio kujitetea, na hoja yake ni hiyohiyo yako: upepo hauna mwenyewe, kila mtu ana haki nao, na isitoshe mimi nasaga nafaka yangu tu, si ya watu. Samson akamwambia anamshukuru kama ambavyo angemshukuru mtu aliyemkata miguu yote miwili, na akaapa hatatia mkate mdomoni mpaka jengo lile liwe chini. Sababu hakuificha. Watu wa mji watakimbilia kwako, na kwa kuwa ni watu huru sitakuwa na sheria ya kuwazuia. Herbert akarudi akakibomoa mwenyewe bila kuchelewa. Watumishi wa abate walipofika na zana zao wakakuta hakuna cha kuangusha. Mtawa Jocelin wa abasia hiyo ndiye aliyeandika habari hizi, naye alikuwa akiishi humo humo.

Kwa hiyo upepo ulikuwa bure, kinu hakikuwa bure. Mkulima aliyepewa shamba na bwana alibanwa kusaga kwenye kinu cha bwana huyo. Hakulipa fedha. Msagaji alichota sehemu ya nafaka yenyewe, mahali pengi moja ya kumi na sita, ila kiwango kilibadilika kijiji kwa kijiji na kwa hadhi ya mtu. Na msagaji mwenyewe mara nyingi hakuwa mwenye kinu. Alikikodi, na kodi ilidaiwa upepo uvume usivume. Moja ya kumbukumbu za kwanza kabisa za kinu cha upepo Uingereza, ya Weedley huko Yorkshire mwaka 1185, haisemi kilijengwaje wala nani alikibuni. Inasema kodi yake: shilingi 8 kwa mwaka.

Sasa jiweke pale. Wiki nzima hewa imetulia, magunia yamejaa mpaka mlangoni, kodi inakaribia. Upepo unakuja saa nane usiku, unaamka. Mteja naye haoni chochote. Gunia lake linavutwa kwa mnyororo mpaka ghorofa ya juu, linamwagwa kwenye kihori, linapotea, unga unatokea chini kwenye mfereji wa mbao. Bakuli la kuchotea ni lako. Kipimo ni chako. Na akikasirika hana pa kwenda. Hapo hata malaika angeitwa mwizi. Waingereza walikuwa na utani kwamba msagaji mwaminifu huota nywele kiganjani, na mashairi yao ya karne ya 14 yana msagaji anayechota ushuru mara tatu kwenye gunia lilelile. Mimi naamini wengi waliiba kweli. Siwatetei kwa sababu ya baba.

Bunge liliingilia mwaka 1796. Msagaji alipwe fedha, asichote nafaka. Awe na mizani. Bei ibandikwe mahali pa kuonekana. Na mteja arudishiwe uzito wake wote, ukiondoa kinachopotea katika kusaga. Kaka, hicho kipengele cha mwisho kichapishe ubandike mlangoni kwako, mwambie yule anayecheka kwamba Bunge la Uingereza lilikubali.

Ila sheria hiyo iliviacha vinu vyenye haki ya kale. Leeds, mji wa viwanda wenye reli, watu walikuwa bado wanabanwa na haki ya kusaga ya Vinu vya Mfalme mpaka 1839, na haikuondoka kwa hoja, ilinunuliwa kwa pauni 13,000.

Wenye akili zaidi kuliko Bunge walikuwa maskini wa Hull. Mwaka 1795 bei ya unga ilipanda vibaya, vita na Ufaransa, mavuno mabaya. Wakamwandikia meya kwamba wanataka kujikinga na watu wenye tamaa, wakachangishana kila wiki, wakajenga kinu chao cha upepo. Wakakiita waziwazi kinu cha kupinga vinu. Wasagaji wa mji walikuja kukishitaki kwamba ni kero kwa umma. Mahakama ikawapa ushindi wenye kinu. Hiyo ni karibu miaka 50 kabla ya lile duka la ushirika la Rochdale la 1844 ambalo kila kozi ya ushirika nyumbani inaanzia. Na wakulima nao hawakulala: kinu cha North Leverton, Nottinghamshire, kilijengwa 1813 kwa michango ya hisa ya wakulima wa vijiji vinne, na bado kimesimama na mabawa yake.

Mzalendo wa Kitope

Dada historia tamu lakini hapo kwenye "kubanwa" mnakuza mambo. Bibi zetu walisaga kwa jiwe uani, hakuna mtu aliwauliza. Mzungu naye si alikuwa na jiwe? Angesaga usiku, nani angejua?

BintiIsimani

Mzee wangu, walisaga usiku na walijulikana. Jiwe linaunguruma.

Mji wa St Albans, kaskazini ya London. Watu walikuwa na mawe yao ya mkono majumbani, abasia ikasema hapana, kila punje ipite kwenye vinu vyetu (hivyo vilikuwa vya maji, lakini sheria ni ile ile). Waligombana miaka na miaka mahakamani. Mwaka 1331 abate Richard wa Wallingford akashinda, akayakusanya yale mawe nyumba kwa nyumba. Hakuyavunja, hakuyatupa. Aliyatandaza sakafuni katika chumba cha mazungumzo cha abasia, watu wa mji wakija na shida zao wayakanyage. Na huyu Richard usimdhanie mjinga: mtoto wa mhunzi, mwanahesabu, ndiye aliyebuni saa ya kanisa iliyoonyesha mwendo wa jua na mwezi, moja ya mashine za ajabu za karne ile.

Miaka 50 ikapita. Mwaka 1381 wakulima wakaasi sehemu nyingi za nchi, wa St Albans wakaingia abasiani. Wangeweza kubeba dhahabu. Waliing'oa ile sakafu, wakayavunja mawe ya babu zao vipande vipande, kila mtu akaondoka na kipande chake, kama mkate wa baraka unaogawiwa kanisani Jumapili. Mwandishi wa habari hiyo alikuwa mtawa wa humo, alikuwa upande wa abate, na bado hakuweza kuiacha.

Mzalendo wa Kitope

Sawa. Nimekaa.

KarimuWaFizikia

Niingie kidogo maana hapa mmepita mlangoni kwa mtu wangu bila kubisha hodi.

Nafundisha fizikia na kila mwaka nawaandikia wanafunzi ubaoni "nadharia ya Green" na "fomula za Green", wanadhani ni profesa wa Cambridge mwenye joho. George Green alikuwa msagaji. Baba yake alikuwa mwoka mikate wa Nottingham. Katika njaa ya mwaka 1800 umati wenye hasira ya bei ulivamia duka lake. Mwaka 1807 mzee akajenga kinu cha upepo cha matofali juu ya kilima cha Sneinton, nje kidogo ya mji, ili asage unga wake mwenyewe. Kijana alikuwa amesoma shule kama mwaka mmoja tu alipokuwa mtoto, kisha akaingizwa kazini, kwanza kwenye mikate, halafu kwenye kinu.

Kazi ya kinu dada kaieleza. Usiku kucha kama upepo upo. Mtu huyo huyo, mwaka 1828, alichapisha kwa fedha ya michango insha kuhusu matumizi ya hesabu katika umeme na usumaku. Wanunuzi walikuwa kama 50, wengi wao waheshimiwa wa Nottingham walionunua kwa heshima tu na sidhani kama walipita ukurasa wa tatu. Ndani yake mlikuwa na hesabu ambayo leo inatumika kuanzia mawimbi ya tetemeko la ardhi mpaka chembe za atomu. Mzee alipofariki, Green akaliacha jiwe, akaingia Cambridge 1833 akiwa na miaka 40, amekaa darasani na vijana. Alikufa 1841 bila kujulikana. Miaka michache baadaye William Thomson, ambaye baadaye ndiye Lord Kelvin, akaipata ile insha na kuwaonyesha wanahesabu wa Paris.

Kinu kiliungua 1947, kikabaki ganda. Kilikarabatiwa miaka ya 1980, unga wake unauzwa, na pembeni kuna jumba la sayansi la watoto. Nilipokwenda nilinunua mfuko mmoja na sikuutumia, niliuweka ofisini mpaka wadudu wakaniingilia. Na tukiwa hapo hapo, mchoraji John Constable naye ni mtoto wa msagaji wa Suffolk, alifanya kazi kwenye kinu cha upepo cha baba yake kabla ya kwenda London kusomea uchoraji. Mdogo wake wa kiume, Abram, alisema vinu anavyochora John unaona kabisa vitazunguka, vya wachoraji wengine havina hakika hiyo.

Mswahili_SW2

Wakuu si lazima mwende mashamba. Mimi naishi Brixton, London ya kusini, na nyuma ya mtaa wetu kuna kinu cha upepo. Cheusi, mabawa meupe, katikati ya nyumba za halmashauri. Wageni kutoka nyumbani nikiwaonyesha wanadhani ni tangazo la maziwa.

Kilijengwa 1816 wakati hapa ni mashamba, kikawa mikononi mwa ukoo mmoja, wakina Ashby, mpaka mwisho. Kilichokiua kwanza ni nyumba. London ilipanda kilima, majengo yakauziba upepo, na kufika miaka ya 1860 wakina Ashby wakahamia kwenye kinu cha maji cha Mitcham, kwenye mto Wandle. Mabawa wakayang'oa. Mnara ukawa ghala. Mwaka 1902 wakarudi, wakaweka mashine ndogo ndani ya mnara uleule, ikaendeshwa na injini ya mvuke kisha ya gesi, wakawa wanasagia mahoteli unga usiokobolewa mpaka 1934. Kwa hiyo kaka MashineYaKati, hapo ndani ya kinu cha upepo kuna mtu alikuwa anafanya kazi yako hasa.

Kilifunguliwa upya 2011, wajitoleaji wanasaga kwa umeme. Unga wake ninao nyumbani, chapati zake ngumu kidogo lakini zina ladha.

MashineYaKati

Nawashukuru wote, na dada Binti shikamoo hata kama unanizidi kidogo tu.

Bado swali la mwisho halijajibiwa: vilikufaje? Nyumba kuziba upepo ni Brixton. Huko mashambani nani alijenga ghorofa? Na nieleze hayo mawe. Mimi natumia nyundo na chekeche, zikichakaa nabadilisha. Jiwe unalibadilishaje?

BintiIsimani

Marahaba, ingawa umenizeesha.

Mawe ndiyo sehemu ninayoipenda, vumilia.

Ni mawili, moja juu ya jingine, upana kama mita 1.2. La chini halitembei. La juu linazunguka mara mia moja na zaidi kwa dakika, na lina uzito unaokaribia tani. Hayagusani, yakigusana yanatoa cheche, na kinu ni mbao na vumbi la unga. Kipimo cha wazee: katikati pawe na nafasi ya karatasi nene ya kufungia, ukingoni ya karatasi laini kabisa. Upepo ukiongezeka, jiwe linakimbia, nafasi inabadilika, unga unatoka wa moto na umeharibika. Kwa hiyo msagaji anakaa na mkono chini ya mfereji, unga unamdondokea, anausugua kwa kidole gumba. Mwishoni mwa karne ya 18 waliweka mipira miwili ya chuma inayofunguka kwa kasi na kurekebisha mawe yenyewe, lakini mkono haukuondoka pale. Na kuna kengele. Nafaka ikipungua kwenye kihori kamba inalegea, kengele inalia, unakimbia kujaza kabla mawe hayajabaki matupu.

Jiwe halibadilishwi, linachongwa. Uso wake una mifereji inayotoka katikati kwenda pembeni, na kila baada ya muda inafutika. Unalinyanyua la juu, unaligeuza, unalala ubavu juu ya mfuko wa pumba na patasi nzito, unagonga mstari kwa mstari, siku nzima. Kulikuwa na mafundi wa kutembea kijiji hadi kijiji kwa kazi hiyo. Akija mgeni kusema anaijua, msagaji alimwambia aonyeshe chuma chake, naye akakunja mikono ya shati: vipande vya chuma vya patasi hurukia ngozi na kubaki humo, doa jeusi kwa doa jeusi. Mikono safi hakupewa kazi. Mawe bora ya ngano yalitoka Ufaransa, La Ferté-sous-Jouarre, vipande vilivyounganishwa kwa plasta na kufungwa mikanda ya chuma. Ya Derbyshire yalikuwa ya chakula cha mifugo. Hata wakati wa vita na Napoleon waliendelea kutafuta mawe ya Kifaransa, njaa haina adui.

Na upepo wa bure unaua. Kinu cha kwanza kabisa kilikuwa nyumba ya mbao juu ya nguzo moja, msagaji anaisukuma nyumba nzima kwa mti mrefu wa nyuma ili iuangalie upepo. Ukigeuka ghafla ukampiga kisogoni, paa linang'oka. Mabawa yalivalishwa turubai kama jahazi, na kupunguza tanga lazima usimamishe kinu, ushushe bawa moja moja, upande juu na mvua hiyo. Katika dhoruba ya Novemba 1703 vinu zaidi ya 400 viliangushwa au kuteketea. Breki za mbao zilishindwa, mabawa yakazunguka mpaka msuguano ukawasha moto. Nafuu ilikuja polepole. Edmund Lee, 1745, akaweka feni ndogo nyuma ya kofia ya kinu, yaani paa la juu linalozunguka, ili kigeuke chenyewe. Andrew Meikle wa Uskochi, 1772, akaondoa turubai na kuweka vibao vinavyofunguka upepo ukizidi. William Cubitt, 1807, akafanya vibao vyote vifunguke kwa mnyororo mmoja huku kinu kinaendelea kuzunguka. Kwa hiyo picha ya mwanao, kama ni ya karne ya 19, usidhani unaona kitu cha kizamani. Ilikuwa mashine ya kisasa.

Sasa kifo. Watu husema mvuke. Mvuke ulikuja mapema ukashindwa: kinu kikubwa cha Albion, London, kilianza 1786 kwa injini za Boulton na Watt, wasagaji wadogo wakaona mwisho wao. Machi 1791 kikaungua chote, na wasagaji walicheza ngoma kwenye daraja la Blackfriars wakikitazama. Vinu vya upepo viliendelea na kustawi baada ya hapo kwa miongo mingi.

Kilichoviua ni ngano ya nje kukutana na roli za chuma, yaani silinda zinazozunguka na kusaga punje katikati yake. Ushuru wa kulinda ngano ya ndani ulifutwa 1846. Meli zikaleta ngano ngumu ya Marekani na Urusi, na ngano hiyo jiwe linaihangaikia. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1870 roli za chuma kutoka Hungaria zikaingia, zikaichana punje, zikatenga pumba na kiini, zikatoa unga mweupe usiooza haraka. Kwa lugha yetu, dona ilishindwa na sembe. Viwanda vikajengwa bandarini, Liverpool, Hull, London, meli inashusha upande mmoja, treni inapakia upande wa pili. Kijiji kikawa kinanunua mkate wa unga uliotoka bandarini wakati kinu kipo mlimani. Msagaji akabaki na chakula cha nguruwe na kuku, bawa likioza halikurudishwa, ananunua injini ndogo, halafu mtoto anakataa kazi.

Wengine walitoka mapema. Boston hapa tuna kinu cha Maud Foster, 1819, ghorofa saba, mabawa matano, kilijengwa kwa ajili ya ndugu wawili, Thomas na Isaac Reckitt. Mavuno mabaya yakawaelemea, wakauza. Isaac akahamia Hull, 1840 akaanza kutengeneza wanga wa nguo. Ile Dettol iliyo bafuni kwako ni ya kampuni iliyotokana na huyo.

Chogo

Mabawa matano? Si yatayumba? Picha zote nne.

BintiIsimani

Hayayumbi, na nguvu yanaongeza. Shida ni moja likivunjika. Kwenye manne unang'oa la mkabala, unaendelea na mawili. Kwenye matano hakuna la mkabala, unasimama mpaka fundi aje. Ndiyo maana wengine waliruka kwenye sita, na Heckington, mwendo mfupi kutoka hapa, kina manane, pekee kilichobaki nchi nzima. Nacho kilizaliwa na matano mwaka 1830. Dhoruba ya 1890 ikayachukua yote pamoja na kofia. Mwaka uliofuata John Pocklington akanunua kinu cha mabawa manane kilichokuwa kinabomolewa Boston, akahamishia kofia na mabawa yake juu ya mnara ule mtupu, akasaga nacho mpaka alipofariki 1941. Ukija uje Mei, wikendi ya pili ndiyo vinu vingi vinafunguliwa. Uvae viatu vyenye meno, ngazi ni za kusimama wima na zimepakwa unga.